Neema na Nakama za Viwanda: Funzo la Kitale na Bungoma

Wahenga walinena kuwa hakuna masika yasiyo na mbu. Kauli hii yafaa kukumbukwa kila mjadala wa viwanda unapozuka. Aghalabu wachangiaji hugawika makundi mawili: wanaohesabu ajira na kukomea hapo, na wanaohesabu moshi na kukomea hapo. Historia ya eneo lililo baina ya Kitale na Bungoma inadhihirisha kuwa makundi yote mawili yanasahau hesabu ya tatu, nayo ni ya utegemezi.

Mfano mwafaka ni Webuye, kituo cha reli ambacho zamani kiliitwa Broderick Falls. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilipoanza uzalishaji mwaka 1974, kituo hicho kiligeuka mji. Zaidi ya watu elfu moja waliajiriwa. Karo zililipwa, nyumba zikajengwa, maduka yakafunguliwa. Isitoshe, Wabukusu, Watachoni, Wateso, Waluo na wengineo walikutana mitamboni na mitaani, na Kiswahili kikawa daraja lao. Manufaa haya ya kijamii hayapaswi kubezwa.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuja na gharama. Wakazi walilalamikia harufu kali na mabati yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati. Majitaka yalielekezwa katika Mto Nzoia, mto uleule ambao wanakijiji wa chini walichota maji yake. Lakini pigo kubwa zaidi halikutoka kwenye bomba la moshi. Lilikuja mwaka 2009 kiwanda kilipolemewa na madeni, kikakatiwa umeme na kufungwa. Aliyekuwa akiuza chai langoni, aliyepangisha vyumba na aliyesafirisha magogo wote walianguka pamoja na aliyeajiriwa. Juhudi za kukifufua hazikudumu, na mwaka 2016 kiliuzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa shilingi milioni 900. Mji uliojengwa juu ya nguzo moja huporomoka nguzo hiyo ingaliapo.

Kiwanda cha Sukari cha Nzoia, kilichoasisiwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa 1978, kinatoa funzo linalofanana na hilo. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa. Katika muda huo wote shamba halitoi mahindi wala maharagwe. Malipo yakichelewa, mkulima hujikuta akikopa ili anunue unga, ilhali Trans Nzoia, ghala la mahindi la taifa, ni jirani yake. Aidha, akaunti ya miwa mara nyingi huwa ya mume, na mke aliyepalilia hubaki akisubiri hisani.

Kitale imefuata njia tofauti kidogo. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa huko mwaka 1956, ilisambaza mahindi chotara ya H611 yaliyotolewa mwaka 1964 kutokana na utafiti uliofanywa mjini humo. Ni kweli kwamba mbegu chotara humlazimu mkulima kurudi dukani kila msimu, na huo nao ni utegemezi. Tofauti ni kwamba mahindi yakikosa soko, familia huweza kuyala. Muwa hauliwi ugali.

Kwa hiyo suala si kukubali viwanda au kuvikataa. Suala ni masharti. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vya sukari, kikiwemo cha Nzoia, kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Mtoto anayezaliwa Bukembe leo atakuwa mzazi kabla ya muda huo kwisha. Mkulima ana haki ya kujua atalipwa lini, majitaka yataelekezwa wapi, na nini kitatendeka mitambo ikizimwa.

Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapohusika. Mikataba ya miwa aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho mtia sahihi hakielewi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kutafsiri nyaraka hizo na kuzifikisha vijijini, kwani mkulima asiyeelewa alichotia sahihi hawezi kukidai.