Jukwaa Tunalo, Tunachokosa Ni Muda na Mlezi

Vijana wenzangu wa Dzaleka, na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, leo nataka tuongee juu ya sanaa. Sitarudia ile habari ya kila siku kwamba vijana wana vipaji. Vipaji vipo, hilo tunajua wote. Ukipita sokoni jioni unawaona watoto wanacheza ndombolo mbele ya spika ya duka, ukienda mbele kidogo unasikia ngoma za Burundi, ukikata kona unakuta kwaya. Swali langu ni lingine: mtu wa kuigiza au wa kudansi hapa kambini anafundishwa na nani, wapi, na kwa muda gani?

Jukwaa halikosekani. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunacheza. Kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, tunaigiza. Tena tangu 2014 tunalo Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, mshairi Menes La Plume. Linaleta watu kutoka Lilongwe na hata ng'ambo, wanaingia kwa furaha kwenye kambi ambayo zamani ilikuwa gereza. Hilo ni jambo kubwa na tunalishukuru. Lakini jukwaa ni siku ya mavuno. Na zile siku zingine zote za mwaka, nani analima?

Mimi najitolea upande wa shughuli za vijana, kwa hiyo naona mambo yanavyofanyikaga. Jumatatu simu inapigwa: "Ijumaa kuna wageni, tunahitaji igizo la dakika kumi juu ya ndoa za utotoni." Ujumbe umeshaandikwa. Mwisho wa hadithi umeshajulikana: baba mlevi anatubu, mtoto anarudi shule, wote wanapiga makofi. Tunafanya mazoezi mara mbili nyuma ya kanisa, tunavaa fulana za kampeni, tunacheza, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. Mwaka unaofuata ni baba yule yule, anatubu tena. Watazamaji wanajua maneno kabla hatujasema. Halafu watu wanashangaa kwa nini igizo halibadilishi tabia ya mtu!

Mara moja moja inakuja semina. Mkufunzi anatoka mbali, ni mtu mzuri kweli, anatufundisha pumzi, sauti, jinsi ya kusimama. Siku tatu. Siku ya kwanza ni utambulisho, siku ya tatu ni vyeti. Mwili unakuwa ndiyo kwanza umeanza kuelewa, na mwalimu yuko njiani kwenda uwanja wa ndege.

Ninachotaka kutetea hapa ni programu ya ulezi wa wasanii pamoja na kile wenye kazi yao wanakiita residensi. Neno linatisha, jambo lenyewe ni rahisi. Msanii anapewa mahali pa kufanyia kazi, anapewa pesa ya kula, na anapewa wiki kadhaa ambazo kazi yake ni moja tu: kutengeneza igizo au densi yake. Pembeni yake anakaa mtu aliyemtangulia, anayemwangalia kila siku na kumwambia ukweli: hapa umedanganya, hapa rudia, hapa umepata.

Kama unadhani hayo ni mambo ya Ulaya, angalia karibu. Faustin Linyekula ni Mkongo. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi, na pamoja na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kundi la densi la Gàara. Mwaka 2001, nchi ikiwa bado vitani, alirudi nyumbani akaanzisha Studios Kabako pale Kinshasa, halafu akaipeleka kazi Kisangani. Hakungoja amani iishe kujengwa ndipo acheze. Alitengeneza mahali ambapo kijana wa Kisangani anaweza kujifunza, kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus kule Uholanzi.

Senegal, mama Germaine Acogny alianzisha École des Sables mwaka 1998 katika kijiji cha Toubab Dialaw. Wachezaji kutoka nchi nyingi za Afrika wanakaa pamoja, wanafundishwa pamoja, na kuna ukumbi ambao sakafu yake ni mchanga. Mchanga, ndugu zangu. Sisi hapa vumbi tunalo bure.

Na kwenye igizo, kumbukeni Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji walijenga jukwaa lao wenyewe la wazi, wakafanya mazoezi miezi, na walisahihisha maandishi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipoona maneno hayasemi kama wao wanavyosema. Serikali ilisimamisha igizo hilo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Igizo la dakika kumi lililoandikwa ofisini halimtishi mtu. Lile lilitisha kwa sababu watu walikaa nalo mpaka likawa lao.

Sasa kuna wanaosema: basi tuwatafutie vijana nafasi nje, waende kwenye hizo shule. Ni vizuri, anayepata aende. Lakini tuseme ukweli wa hapa. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, moja likiwa juu ya uhuru wa kutembea. Kutoka kambini ni kibali. Mwaka 2023 wenzetu wengi waliokuwa wanaishi mijini walirudishwa hapa. Mtu ambaye kufika Lilongwe tu anahitaji karatasi, ukimpa mwaliko wa Dakar umempa picha ya kuangalia. Kwa hiyo msimlete msanii kwenye residensi, ileteni residensi kwa msanii.

Na walezi tusiwatafute mbali tu. Hapa kuna wazee waliokuwa wapiga ngoma Burundi, wacheza intore kutoka Rwanda, watu waliokuwa kwenye makundi ya maigizo Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Leo wanauza nyanya. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, lakini mzee anayeijua hapa jirani hana hata kijana mmoja aliyepewa muda wa kukaa naye. Mzee huyo akifa, au jina lake likitoka aende Kanada, anaondoka na kila kitu kichwani. Sisi tunabaki na video ya dakika mbili iliyochukuliwa kwa simu.

Ulezi ndio mahali pekee pa kuongea mambo magumu pia. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri kwamba ngoma hizo zipigwe na wanaume tu. Binti wa hapa akitaka kuzipiga na mzee akakataa, utamaliza hilo kwa bango la usawa wa kijinsia? Hapana. Linamalizika, kama linamalizika, mzee na binti wakikaa mbele ya ngoma moja kwa wiki nyingi, mmoja akaona heshima ya mwenzake. Hakuna semina ya siku tatu inayofika huko.

Najua hoja kubwa itakayokuja, na ni ya haki. Kambi ilipangwa kwa watu kama 10,000 hivi, leo tuko zaidi ya 50,000. Mgao wa chakula unapungua. Mama akiuliza kwa nini pesa iende kwa wacheza densi wakati watoto wanalala na njaa, simcheki. Igizo halishibishi, sitadanganya.

Lakini angalieni vizuri: pesa ya sanaa tayari inatumika. Inaenda kwenye mabango, fulana, mahema, magari ya wageni, na igizo moja la haraka ambalo hakuna anayelikumbuka Jumatatu. Sisi hatuombi mtoe unga mkononi mwa mama. Tunaomba ile ile pesa ya sherehe itumike kwa namna nyingine. Na posho ya msanii ni chakula, manake hao wasanii wana watoto, wana wadogo zao, wanakula na majirani.

Ili isiwe maneno tu, hivi ndivyo naiona.

Kwanza, iwe hapa hapa kambini, wiki sita, wasanii wanane, nusu wasichana. Wawili kati yao wawe Wamalawi wa vijiji vya jirani. Wachewa wana Gule Wamkulu, na kwao huvai kinyago kabla hujaingizwa na kufundishwa. Kwa hiyo jambo la mtu kulelewa kabla ya kucheza wanalijua kuliko sisi, na kucheza pamoja kutatusaidia kuishi pamoja.

Pili, walezi wawe wawili, mmoja kutoka nje na mmoja mzee wa hapa, na wote walipwe. Mzee asipewe "asante" na soda wakati mgeni analipwa dola. Na mgeni akae wiki zote sita, halafu arudi baada ya miezi mitatu kuangalia kazi imefika wapi.

Tatu, posho iwepo. Kijana anayefanya mazoezi saa tatu kwa siku hayuko kwenye kabaza yake kubeba abiria. Msichana mwenye mtoto apate mtu wa kumshikia. Bila hivyo watakuja wale tu wanaotumiwa pesa na ndugu walioko Marekani.

Nne, mada itoke kwa msanii. Wengine watataka kuigiza vita, wengine mapenzi, wengine foleni ya maji kwa kuchekesha. Mtu asilazimishwe kucheza kifo cha baba yake ili mgeni alie. Maumivu ya mtu si malighafi ya ripoti.

Tano, kazi ibaki ya aliyeitunga. Ikipigwa video, jina lake liwepo, na aulizwe kabla ya kuirusha.

Na sisi vijana tuna upande wetu. Kundi linaanza na watu ishirini, baada ya mwezi limegawanyika kwa sababu ya nani awe rais. Mazoezi saa nane, watu wanafika saa tisa na nusu. Residensi haiwezi kwenda hivyo. Atakayechaguliwa ajue anabeba deni: akimaliza, naye amlee mdogo wake mmoja mpaka asimame. Hapa watu wanaondoka, wengine kwa ndege, wengine kwa njia zingine, na kazi isiyoachiwa mtu inaondoka nao.

Programu hii haitampa mtu kibali cha kutembea wala haitafupisha miaka ya kungoja. Itakachofanya ni kwamba kijana atapata kitu anachokijua kabisa, alichofundishwa na mtu anayemfahamu kwa jina, na hicho atakwenda nacho popote atakapopelekwa au atakapobaki.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga bajeti za mwaka ujao: kabla hamjaagiza fulana za 20 Juni, pigeni hesabu fulana hizo ni wiki ngapi za mazoezi. Nawe kijana unayejua mzee mwenye ngoma au hadithi karibu na nyumba yako, nenda leo umuulize kama anaweza kukufundisha. Hilo halihitaji kibali cha mtu.