Mama, acha mtoto ahangaike na hesabu yake (sehemu ya 3)

Mama zangu wa Mkwajuni na wote mnaonifuata, juzi niligusa madaftari ya watoto mkanijia inboksi mkiwa wakali. Leo naongeza.

Mtoto anakaa na hesabu dakika tano tu, hajaipata, mama anasema "lete hapa", anaimalizia yeye. Mwingine akikosa anakula fimbo. Mnaona ni malezi mawili tofauti, mimi naona ni yaleyale. Wote wawili wamefundishwa kuwa kutojua ni aibu, ifichwe haraka.

Erasto Mpemba mnamjua? Mtanzania mwenzetu huyo. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu pale Magamba Sekondari, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa na nafasi kwenye friji inagombaniwa, basi akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Kuuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, wakamdhihaki kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakunyamaza. Akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akamuuliza mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne hakujifanya anajua. Alirudi chuoni, jaribio likafanyika, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishania jambo hilo, tena kwa jina la Mpemba!

Sasa njooni wodini kwangu. Mtoto ana kilo 12, ana homa. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Nimpe mililita ngapi? Hapo hakuna A, B, C, wala majibu nyuma ya kitabu. Tunapokea wanafunzi wa uuguzi wenye vyeti vizuri tu, ukiwapa swali hili wanatafuta fomula waliyokariri, wakiikosa wanabaki kukutazama. Siyo wajinga jamani. Hawajawahi kuachwa wakae na swali gumu bila mtu kuwapokonya kalamu.

Mtaniambia darasani wamejaa, mwalimu atamsubiri nani? Kweli, na mwalimu simlaumu kwa hilo. Ila sebuleni kwako wamejaa wangapi?

Na sijasema umtelekeze. Kaa naye. Muulize, umefika wapi? Umejaribu nini? Hebu chora. Akilia, mpe maji ya kunywa, mrudi kesho. Na wewe usipojua sema "sijui, tutafute", mbona sisi kwenye homa tunasema ngoja tupime kwanza?

Ile ya kilo 12 jibu sitoi. Mpe wa darasa la sita jioni hii, wewe songa ugali wako. Kwenye koment nataka njia aliyopita, siyo namba tupu. (Na msianze kujipimia dawa nyumbani, hii ni hesabu tu!)