Reli iling'olewa, kilabu kimebaki

Msomaji wangu, kule London kuna baa zilizojibanza chini ya matao ya reli: treni juu, bia chini. Sisi wa Mandawa hatuna hata tuta. Reli yetu ya kusini, Mtwara hadi Nachingwea, ililetwa na ule Mradi wa Karanga wa 1947. Karanga zikashindikana 1951, reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Tukabaki na korosho zetu.

Basi msimu wa korosho pita kilabuni jioni. Mabibo yamekamuliwa, uraka umechachuka, benchi halina nafasi hata ya nusu kalio. Mkulima kalipwa hela ya mnada, kapitia "kutoa vumbi". Raundi ya kwanza analipa yeye, ya tano bado yeye. Majuzi nilimsikia shemeji mmoja mlangoni akimwambia mumewe, taratibu tu: "Baba watoto, hata madaftari yana kiu." Kilabu kizima kimya!

Sisemi uraka uachwe, na mimi nakunywa. Nasema hela ianzie nyumbani, kilabuni ije chenji. Karanga zilituponyoka, korosho nazo tuzimalize kwa vikombe?

Haya, wiki ijayo, panapo majaliwa.