Heshima kwa Aliyeshindwa



Wengi tunaukumbuka usiku wa tarehe 27 Desemba 2002, Wakenya walipokesha kando ya redio wakisubiri matokeo. Kwa mara ya kwanza kura zilihesabiwa katika vituo vyenyewe vya kupigia kura, mbele ya mawakala. Jumapili ya tarehe 29, Uhuru Kenyatta wa KANU alikiri kwamba Mwai Kibaki wa NARC ameshinda. Kesho yake, katika Bustani ya Uhuru, Rais Moi alikabidhi madaraka, na utawala wa KANU wa miaka 39 ukakoma pasipo damu kumwagika Ikulu.

Tuliimba kwa furaha. Hata hivyo, wapo waliomzomea mzee yule aliyekuwa akiondoka kwa amani. Jambo hilo halikustahili. Kiongozi aonaye mwenzake akidhihakiwa atajifunza kung'ang'ania kiti. Baada ya uchaguzi wa 2007, ambao matokeo yake yalipingwa, zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tuongeze: aliyekubali kushindwa asifedheheshwe. Uchaguzi ujapo, tuwafundishe vijana wetu kushangilia bila kumtusi jirani aliyempigia kura mwingine.