Mashabiki, mwacheni dogo aondoke mapema

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukifika Usagara unakutana na njia panda. Moja inakupeleka Kigongo, uvuke kwenda Sengerema na Geita. Nyingine inakwenda Misungwi, na ukikaza mwendo inakufikisha mpaka Dar es Salaam. Vijana kibao wenye vipaji vya soka wamepita hapo na begi moja mgongoni. Waliorudi kucheza nyumbani ni wachache. Mrisho Ngassa ni mmoja wao. Alirudi 2020 kuichezea Gwambina ya Misungwi, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31 na alishavaa jezi mpaka shabiki anachanganyikiwa. Kagera Sugar, Yanga, Azam, Simba, Yanga tena, Free State Stars ya Afrika Kusini, Fanja ya Oman, Mbeya City, Ndanda ya Mtwara, kisha Yanga kwa mara ya tatu. Vijiweni wapo wanaosema alikuwa na tamaa, na wapo wanaosema alikosa bahati. Wote wanakwepa jambo moja. Ngassa alihama sana, lakini pale alipotakiwa kuhama kwelikweli, hakuhama. Na waliomshangilia kwa kubaki ni mashabiki.

Turudi nyuma kidogo. Ngassa alizaliwa Mwanza 1989, katika nyumba ya mpira. Baba yake, Khalfan Ngassa, aliichezea Pamba enzi zile TP Lindanda ikitetemesha nchi, akacheza pia Simba. Mtoto akaonekana Kagera Sugar, na 2006 Yanga wakamchukua akiwa bado kinda. Winga mdogo wa umbo, mwenye kasi ambayo beki akigeuka tu, habari imekwisha.

Aliyekuwa na shaka naye aliiacha Februari 2009 kule Ivory Coast, kwenye fainali za kwanza za CHAN, Ngassa alipowafunga wenyeji na Taifa Stars ya Marcio Maximo ikashinda 1-0. Mwaka huohuo akaenda kujaribiwa West Ham ya England. Hakuchukuliwa, lakini jina lilishafika.

Mwaka 2010 Azam wakamng'oa Jangwani kwa Sh58 milioni, dau ambalo kwa wakati ule lilizungumzwa nchi nzima. Julai 2011 akawa Marekani akijaribiwa na Seattle Sounders. Akaingizwa kutokea benchi kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United ya Sir Alex Ferguson. Sounders walipigwa 7-0, lakini kijana wa Mwanza alikuwa uwanjani na wale jamaa ambao huku watu walikuwa wanawaona kwenye televisheni tu.

Sasa hapa ndipo pa kutulia. Mwaka huohuo 2011, Mbwana Samatta aliondoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Wengi walicheka. Congo? Kufanya nini huko wakati Msimbazi anapendwa? Samatta akakaa, akakomaa, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akaenda Genk, na 2020 akatua Aston Villa. Njia ya England ilipitia Lubumbashi.

Ngassa naye aliletewa njia yake. Mwishoni mwa 2012 El Merreikh ya Sudan walimtaka, na Azam walikuwa tayari kumuuza. Alikuwa na miaka 23, na muda si mrefu alikuwa ameifungia timu ya taifa mabao matano peke yake dhidi ya Somalia kwenye Kombe la Chalenji. Umri unaruhusu, mguu uko moto. Akakataa. Moyo wake ulikuwa Yanga, na hakuwahi kuficha. Mwaka 2013 akarudi Jangwani akapokewa kama mfalme. Mapokezi yale yalifuatiwa na adhabu ya TFF, iliyomfungia mechi sita na kumtaka arejeshe fedha za Simba, walikokuwa wamempeleka Azam kwa mkopo.

Haki yake apewe. Februari 2014 alipiga mabao matatu Yanga ilipoichapa Komorozine ya Comoro 7-0. Kwa Taifa Stars amecheza mechi zipatazo 100 na kufunga mabao 25. Hizo si namba za mtu aliyeshindwa. Lakini alipokwenda Free State Stars 2015 alikuwa na miaka 26, umri ambao winga wa kasi hapaswi kuwa ndiyo kwanza anaanza kuzoea maisha ya ugenini. Mwaka uliofuata akaondoka, akapita Oman, akarudi nchini. Ndege ilipandwa, ila kwa kuchelewa.

Kumlaumu yeye peke yake ni rahisi. Kijana wa miaka 23 anayeimbwa na uwanja mzima, nani atamwambia aende Omdurman akaanze kujitambulisha upya? Shabiki hakumwambia. Viongozi walikuwa bize kuvutana naye. Mapenzi yakamfunga kamba, na kamba ya mapenzi haiumi mpaka miaka ipite.

Mwanza inapaswa kulisikia hili kuliko mji mwingine wowote. Gwambina ya Ngassa ilishuka msimu uleule wa 2020/21. Toto Africans, Mbao na Alliance zilishashuka kabla yake. Mji mkubwa kama huu ukakaa bila timu ya Ligi Kuu mpaka Pamba Jiji ilipopanda kucheza msimu wa 2024/25. Sasa dogo wa Igoma au Usagara anaweza tena kuonekana akiwa anakula ugali na sato nyumbani kwao.

Kwa hiyo Pamba wafanye kitu kimoja. Wawape vijana wao mikataba ya kueleweka, yenye kipengele kinachosema wazi kwamba ikija ofa ya nje yenye bei iliyokubaliwa, kijana anakwenda. Klabu ipate chake, mchezaji apate chake. Na siku hiyo ikifika, shabiki wa Kirumba asimwite msaliti. Amsindikize mpaka uwanja wa ndege, amwambie usirudi haraka.

Anko Ngassa aliwapa watu raha kwa zaidi ya miaka 10. Shukrani yake iwe hii: dogo anayefuata asishangiliwe mpaka muda wake ukaisha.