Pua ya mbwa na joto la Kisumu

Kuna mtindo unaozidi kuenea katika mitaa ya wenye nafasi mjini Kisumu, nao ni wa kufuga mbwa wadogo wenye uso bapa, macho yaliyotokeza na pua iliyodidimia kana kwamba imegonga mlango. Nawaona Milimani na Riat wakitembezwa kwa kamba. Majina yao ni Pug, Shih Tzu, Pekingese na Bulldog wa Kifaransa. Huyu wa mwisho aliongoza orodha ya mbwa wanaoandikishwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 2022, akamwondoa Labrador aliyekuwa ameishika nafasi hiyo kwa miaka 31. Kinachopendwa huko hakichelewi kutufikia, maadam kila mtu ana simu mkononi.

Sina ugomvi na anayempenda mbwa. Ninalodai ni kwamba mnyama huyu ameundwa kwa namna inayomnyima pumzi, na kwamba ufuo wa ziwa letu ni mahali ambapo kasoro hiyo humwadhibu upesi.

Binadamu hutoka jasho mwili mzima, ilhali mbwa hana bahati hiyo. Tezi zake za jasho zenye manufaa ziko nyayoni, nazo ni chache. Hujipoza kwa kuhema: hewa hupita juu ya utando mnyevu wa pua, ulimi na koo, maji yakageuka mvuke, na mvuke ukaondoka na joto. Mtu akilifupisha fuvu kwa kuchagua wazazi wenye pua fupi kizazi baada ya kizazi, nyama iliyomo ndani haipungui kwa kiasi hicho hicho. Kaakaa laini hubaki refu likaziba njia ya hewa, na matundu ya pua hubanana yakawa kama nyufa. Ule mkoromo unaowachekesha wageni sebuleni ni sauti ya mnyama anayegombania hewa.

Sasa mlete Kisumu. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Unyevu wa hewa ya ziwani huongeza taabu, kwa kuwa maji hayageuki mvuke kwa wepesi penye hewa iliyokwisha kushiba maji. Mtoto wa mbwa akinunuliwa Nairobi, akatiwa katika katoni na kuwekwa kwenye buti la basi, atasafiri kiasi cha kilomita 350. Baridi ya Kericho itamfaa, kisha basi litateremka kuelekea Ahero na uwanda wa Kano, pengine jua la alasiri likiwa limekaza. Katoni hiyo itageuka tanuri.

Anayedhani natia chumvi na atazame Uingereza, nchi ya mvua na makoti. Uchunguzi uliochapishwa huko mwaka 2020, uliotumia kumbukumbu za matibabu za mbwa zaidi ya laki tisa, ulionyesha kwamba hatari ya kupatwa na ugonjwa wa joto ilikuwa mara tatu hivi kwa Pug na mara sita kwa Bulldog wa Kifaransa ikilinganishwa na Labrador. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenye baridi ya London, itakuwaje Kondele saa nane mchana, umeme umekatika na feni imesimama?

Historia ya mbwa hawa yafaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la mfalme wa China nje ya mji wa Beijing. Miongoni mwa nyara walikuwamo Pekingese watano, na mmoja wao akapelekewa Malkia Victoria, akaitwa Looty, jina litokanalo na neno la Kiingereza lenye maana ya nyara. Hakuna aliyeona haya! Huyo ndiye malkia ambaye miaka miwili kabla, John Hanning Speke alilibandika jina lake ziwa ambalo wenyeji waliliita, na wangali wakiliita, Nam Lolwe.

Mwalimu wa sayansi naye ana somo tayari. Mchoraji William Hogarth alimaliza mwaka 1745 picha yake mwenyewe akiwa na Pug wake, na mbwa huyo ana pua inayoonekana dhahiri. Mwanafunzi akiiweka picha hiyo kando ya Pug wa leo, ataona kazi ya mkono wa mwanadamu katika kuchagua nani azae na nani asizae. Vyaelea, vimeundwa.

Nchi nyingine zimeanza kuzinduka. Uholanzi tangu mwaka 2019 imekuwa ikiwazuia wafugaji kuzalisha mbwa ambao pua yao ni fupi kuliko theluthi moja ya urefu wa fuvu. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamshika anayempiga mnyama, anayemtesa au anayemtwika kupita kiasi. Kwa maoni yangu, kumzalisha mnyama asiyeweza kuhema nako ni mateso.

Wapo watakaouliza, basi tufuge nini? Jibu linalala kivulini Nyalenda na kuwasindikiza wavuvi Dunga. Mbwa wa kienyeji, tunayemdharau kwa kumwita koko, ana pua ndefu na manyoya mafupi, na hali ya hewa ya hapa imemchuja kwa vizazi vingi. Naye hupatwa na kupe na minyoo, na ni lazima achanjwe kichaa cha mbwa kama mwingine yeyote, hasa kwa kuwa Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Lakini anapumua.

Kwa aliyekwisha kumnunua wa uso bapa, asimtupe. Amtembeze alfajiri au baada ya magharibi, kwa mkanda wa kifuani badala ya ukosi wa shingoni. Asimnenepeshe, kwani mafuta huibana njia ya hewa zaidi. Mikunjo ya uso ifutwe na kukaushwa, na jicho likiwa jekundu au likifumbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu macho hayo hujeruhiwa kwa urahisi. Asiachwe garini hata dakika chache, wala asitupwe ziwani kwa kudhani kila mbwa ni mwogeleaji. Akizidiwa na joto, amwagiwe maji kwanza na kupepewa, ndipo asafirishwe. Na jike asipandishwe kiholela: Bulldog wa Kifaransa aghalabu huzaa kwa kupasuliwa, na gharama ya upasuaji huo huja juu ya bei ambayo yaweza kupita mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi.

Aliyeazimia kununua hata baada ya haya, aombe kumwona mama wa mtoto huyo. Atazame kama matundu ya pua yako wazi, kisha aombe mama huyo atembezwe dakika chache uani, naye asikilize. Muuzaji akikataa, aondoke na fedha zake.