SANDUKU LISILO NA FUNGUO

Mara nyingi twasikia wakubwa wakinena kuwa milango ya utawala sasa i wazi, kwani halmashauri ina tovuti yake na kila raia aweza kutoa maoni. Tukiifungua twaona nini? Picha za utepe ukikatwa, khabari za ziara, na chini kabisa kijisanduku cha maoni. Andika utakalo, nani alisomaye, hujui.

Sisi hatuvipingi vyombo vipya. Tulipingalo ni kuliita jambo hilo ushirikishwaji. Na kwa kuwa tukidai zaidi huambiwa hayawezekani, natuwatazame wanavisiwa wenzetu wa Iceland, nchi yenye watu wapatao laki nne tu.

Mwaka 2008 mabenki yao makubwa matatu yalianguka, na imani ya watu kwa watawala ikaanguka nayo. Mwaka 2010, uchaguzi wa mji mkuu ulipokaribia, raia wenyewe, si serikali, walitengeneza tovuti ya Betri Reykjavík, yaani Reykjavík Iliyo Bora. Humo mwananchi hutoa rai yake. Hoja za kuikubali hukaa upande mmoja, za kuikataa upande wa pili. Anayepinga hana pa kumrukia mwenziwe: sharti aandike hoja yake mwenyewe. Matusi hukosa njia. (Laiti baadhi ya mikutano yetu ingeendeshwa hivyo!)

Lakini nguvu yake haimo katika chombo. Baraza la mji lilikubali kuzichukua kila mwezi rai zilizoungwa mkono zaidi, kuzijadili katika kamati zake na kuzitolea jibu. Jibu laweza kuwa “hapana”, ila ni hapana yenye sababu.

Madrid, huko Hispania, walifungua Decide Madrid mwaka 2015, wakaweka sharti kali: rai haiendi kwenye kura mpaka iungwe mkono na asilimia 1 ya wakaazi wenye miaka 16 na zaidi, watu wapatao 27,000. Katika maelfu ya rai, mbili tu zilifika, zikapigiwa kura Februari 2017. Kizingiti hicho kirefu mno. Walakini urefu wake ulitangazwa, na mtu aliweza kuupima.

Basi ndugu, tukionyeshwa tovuti tuulize: maoni haya yasomwa na kamati gani? Jibu latoka baada ya siku ngapi, na labandikwa wapi? Na mvuvi asiye na intaneti, rai yake aipokee nani?